Bwawa la bustani linalopungua, kugeuka kijani na kuua samaki

Swali la msomaji: Nilichimba bwawa nyuma ya nyumba, urefu mita 3, upana mita 2 na kina sentimita 40. Nilitandika plastiki nyembamba ya ujenzi, nikajaza maji ya bomba, na siku ya tatu nikaweka samaki wa dhahabu 12. Sasa ni wiki ya tano. Maji yamekuwa ya kijani hata sakafu haionekani, samaki wanne wamekufa, na kila siku maji hupungua kama sentimita 2, nami huyajazia kwa mpira. Nimeshauriwa nivunje, nijenge kwa zege na ninunue pampu kubwa. Je, ushauri huo ni sahihi?

Jibu: Ndugu msomaji, umeeleza matatizo matatu kana kwamba kila moja limekuja kwa njia yake, lakini kwa jinsi ulivyoyapanga mimi naona tatizo moja lenye sura tatu. Bwawa lako ni la kina kifupi, lilipokea samaki kabla halijawa tayari, na kwa kuwa linavuja, unalimiminia kila siku maji mapya ya bomba yanayolirudisha nyuma kila linapotaka kutulia. Zege halitibu hata moja kati ya hayo, na kwa kweli linaweza kukuongezea la nne. Pampu utaihitaji, lakini sasa si wakati wake.

Nianze na samaki, kwa sababu ndio wasioweza kusubiri. Watu wengi hudhani kwamba samaki huchafua maji kwa kinyesi tu, ilhali sehemu kubwa ya taka yake ya naitrojeni hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Katika bwawa lililokomaa amonia hiyo haidumu. Lipo kundi la bakteria, linalojulikana zaidi likiwa Nitrosomonas, linaloigeuza kuwa nitriti, na kundi jingine, Nitrospira na jamaa zake, linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hawa hawaelei tu majini, bali hujishikiza kwenye mawe, kuta, mizizi na hasa ndani ya chujio, na huongezeka polepole mno wakilinganishwa na bakteria wa kawaida. Katika maji ya uvuguvugu huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kufikia idadi ya kutosha, na katika maji baridi huchukua muda mrefu zaidi. Wewe uliweka samaki 12 siku ya tatu, wakati bwawa lilikuwa halina mfanyakazi hata mmoja wa kuondoa taka. Idadi ya samaki si kosa sana, kwani bwawa la ukubwa wako likikomaa na likiwa na chujio lingeweza kuwalisha wote. Kosa ni tarehe.

Nitriti nayo ina madhara yake ya pekee. Huingia kwenye damu ya samaki na kuigeuza rangi iwe ya kahawia, ikaacha kubeba oksijeni, hivyo samaki huhema kama aliyekabwa hata kama maji yana hewa ya kutosha. Ukimpata mwingine amekufa, funua matamvua yake mara moja kabla hajaanza kuoza: matamvua ya kahawia mahali pa wekundu ni dalili nzito ya nitriti.

Sasa tazama jinsi ukijani ulivyoshirikiana na amonia. Rangi ile ni mwani wa chembe moja moja, mamilioni kwa mamilioni, na mchana kutwa mwani huo hufyonza kaboni dioksidi kutoka majini, jambo linalopandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini. Bwawa dogo lililojaa mwani linaweza kuwa na pH ya 7.5 alfajiri na kufikia 9 alasiri. Amonia majini ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua kila sura iwe kiasi gani. Maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi na pH ya 7, sura yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH ikiwa 8 inakaribia asilimia 5, na pH ikifika 9 inazidi theluthi moja. Kiasi kile kile cha amonia kilichokuwa kikivumilika asubuhi huwa ni sumu saa tisa alasiri, na jua linapotua huanza kupoa tena. Ndiyo maana mtu hupima maji asubuhi, akaona yako sawa, kisha jioni akamwopoa samaki aliyekufa na kulaumu ugonjwa.

Usiku mambo hugeuka. Mwani usiopata mwanga hautengenezi oksijeni, bali huitumia pamoja na samaki na bakteria, na kabla ya mapambazuko oksijeni huwa chini kuliko wakati wowote mwingine. Maji yenye nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita yakiwa yameshiba, na yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na bwawa la sentimita 40 lililo juani huota moto haraka. Kwa hiyo amka mapema siku moja utazame. Samaki wakiwa wamepanga midomo juu ya maji alfajiri, kisha wakashuka jua likichomoza vizuri, upungufu wa oksijeni upo. Wakihema saa zote bila kujali wakati, shuku amonia, nitriti au klorini.

Wanane waliobaki wahamishe leo, kabla hujagusa jembe. Tafuta chombo kikubwa kadiri uwezavyo, lita 300 au zaidi, ambacho hakijawahi kuhifadhi sabuni, dawa ya mimea au mafuta, ukiweke kivulini na kukifunika wavu, maana samaki wa dhahabu akitishika huruka. Weka pampu ndogo ya hewa. Chukua maji ya kuanzia nusu kutoka bwawani na nusu maji mapya yaliyoondolewa klorini, ili wasipate mshtuko, kisha badilisha robo au theluthi moja ya maji kila siku. Chakula kiwe kidogo sana, hata siku nzima bila chakula haiwadhuru, kwa kuwa kila punje unayowapa hurudi kama amonia ndani ya chombo ambacho nacho hakina bakteria. Chumvi ya kawaida isiyo na viungo vingine, gramu 1 kwa kila lita, husaidia dhidi ya nitriti, kwa sababu kloridi iliyomo hushindana nayo mlangoni mwa matamvua. Iyeyushe pembeni kwanza, usiwamwagie samaki punje zake.

Bwawa likiwa tupu la samaki, tushughulikie kuvuja. Sentimita 2 kwa siku katika eneo la mita 6 za mraba ni kama lita 120 zinazopotea kila siku. Jua na upepo vinaweza kuondoa milimita kadhaa kwa siku, na siku ya joto kali yenye upepo hata sentimita moja, lakini sentimita 2 siku baada ya siku ni nyingi mno kuwa mvuke. Hata hivyo usiniamini kwa maneno, pima. Jaza ndoo kwa maji ya bwawa, itie jiwe, uitue bwawani ili maji ya ndani na ya nje yawe na joto moja, kisha weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nyingine ubavuni mwa ndoo kwa nje. Usijazie maji kwa saa 24. Yakishuka sawasawa ndani na nje, ni mvuke, na ya nje yakishuka zaidi, tofauti ile ndiyo inayovuja.

Unaweza kuuliza kuna haja gani ya kupima plastiki ambayo nitakuambia uitupe. Haja ipo, kwa sababu mabwawa mengi yanayosemekana yametoboka hayajatoboka. Liache bwawa lako lipungue bila kulijazia mpaka lisimame lenyewe, kisha angalia maji yamekomea wapi. Yakisimama sentimita chache tu chini ya ukingo, tatizo huenda liko ukingoni: upande mmoja uko chini kuliko mwingine, au udongo na nyasi zimepanda juu ya plastiki na kugusa maji, zikawa zinayafyonza kama utambi wa taa unavyofyonza mafuta. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa lililokwisha kubadilishwa plastiki mara mbili, na tatizo lilikuwa ni mkeka wa nyasi nzuri zilizoning'inia majini kwa mapambo. Ukizika ukingo wa karatasi mpya vilevile, utavuja vilevile. Maji yakiendelea kushuka hadi nusu au chini zaidi, hapo kweli kuna tundu, na kwa plastiki nyembamba ya ujenzi nisingeshangaa, kwani haikutengenezwa kukaa juani, na sehemu iliyo wazi hukakamaa na kupasuka baada ya muda mfupi.

Kabla ya kuamua utajenga kwa nini, amua kama mahali penyewe panafaa. Hukuniambia bwawa liko sehemu gani ya uwanja, lakini watu wengi huchimba mahali palipo chini kabisa, kwa kuwa ndipo maji ya mvua hutuama na panaonekana kama bwawa tayari. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Kila mvua itakuletea tope, mbolea ya bustani na dawa za wadudu, na ardhi ikishiba maji chini ya karatasi, karatasi itavimba na kuinuka katikati kama tumbo. Chagua palipoinuka kidogo. Epuka chini ya miti mikubwa, kwa kuwa majani yanayooza ni chakula cha mwani na mizizi hutafuta maji bila huruma. Jua la muda wa saa tano au sita kwa siku linatosha kwa mayungiyungi kutoa maua, na kivuli cha alasiri ni neema kwa samaki. Muhimu pia ni kwamba bwawa lionekane kutoka ndani ya nyumba au mahali unapoketi, kwa sababu bwawa lisiloonekana halitunzwi.

Kuhusu zege, sina ugomvi nalo, na bwawa zuri la zege hudumu miaka mingi. Lakini linahitaji unene wa sentimita 10 hadi 15, wavu wa chuma au nondo ndani yake, lipu isiyopitisha maji, na fundi anayejua kwamba ardhi husogea. Likipata ufa mwembamba kama unywele, utaanza upya kazi ya kutafuta kuvuja, safari hii bila uwezo wa kubadilisha karatasi. Tena saruji mpya huachia chokaa majini, na pH inaweza kupanda mpaka 11 au 12, kiwango ambacho hakuna samaki anayekiishi. Anayetumia zege hulazimika kulimwagilia lipate kukomaa, kisha kulijaza na kulimwaga mara kadhaa kwa wiki nyingi, au kulipaka rangi maalumu ya mabwawa inayofungia chokaa. Kwa bwawa la ukubwa wako ningechagua karatasi ya mpira ya mabwawa, ile inayoitwa EPDM, yenye unene wa milimita 0.75 hadi 1. Hunyumbuka, huvumilia jua, na ikitoboka huzibwa kwa kiraka. Karatasi ya PVC iliyotengenezwa kwa mabwawa ni chaguo la pili linalokubalika. Ukinunua mpira uliotengenezwa kwa kuezekea, hakikisha haukutiwa dawa za kuzuia mimea, kwa sababu baadhi huwa na kemikali zinazodhuru samaki.

Sasa chimba tena shimo lilelile, ila liende chini. Sentimita 80 zingenitosheleza kwa samaki wa dhahabu. Ukiota siku moja kufuga koi, usijidanganye na shimo hili, kwa kuwa koi hupita urefu wa sentimita 60 na wanataka kina cha mita 1.2 au zaidi na maji mengi mara kadhaa kuliko yako. Kina ndicho kinachozuia maji yasichemke mchana na yasipoe ghafla usiku, na ndicho kinachompa samaki pa kukimbilia ndege. Pembeni acha ngazi yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 25 hivi kwa ajili ya mimea ya ukingoni, na upande mmoja uwe na mteremko mpole uliotandikwa mawe, ili chura, ndege au mnyama mdogo aliyetumbukia aweze kutoka. Kuta nyingine ziwe karibu wima, zikilala kidogo tu.

Kazi inayopuuzwa kuliko zote ni kusawazisha ukingo. Maji hayajui upendeleo. Tofauti ya sentimita 3 kati ya pande mbili itaonekana milele, upande mmoja ukifurika na mwingine ukionyesha mpira mtupu. Weka ubao mnyofu juu ya shimo na pimamaji juu yake, uzungushe pande zote, au tumia mpira wa maji unaopitisha mwanga uliojazwa maji, ncha moja kila upande. Rekebisha udongo sasa, kwa sababu baada ya kutandika hutaweza.

Ondoa mizizi na mawe yenye ncha, tandaza mchanga wa sentimita 5 chini, kisha zulia kuukuu au kitambaa kizito cha kutandikia chini ya karatasi, ndipo karatasi yenyewe. Hesabu ya ukubwa wa karatasi ni hii: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kushikia kingo, na upana vivyo hivyo. Kwa shimo lako lenye kina cha sentimita 80 unapata mita 3 na 1.6 na 0.6, yaani mita 5.2, na upana wa mita 4.2. Pima kwa kina kikubwa zaidi, hata kama ni sehemu ndogo tu ya bwawa. Tandika siku ya jua ili mpira ulegee, ukanyage bila viatu, na usiukate ukingo mpaka bwawa lijae na uzito wa maji uwe umeuvuta mahali pake. Kisha inua ukingo wa karatasi usimame wima nyuma ya mawe ya pembeni, juu ya usawa wa maji, ndipo udongo wa nje usigusane na maji ya ndani. Hapo ndipo utambi unapokatwa.

Unapojaza, pima lita, kwa maana kila dawa na kila pampu utakayonunua baadaye itategemea hesabu hiyo. Shimo la mita 3 kwa 2 kwa 0.8 lingekuwa lita 4,800 kama kuta zingekuwa wima, lakini ngazi na miteremko hula kama robo, kwa hiyo tarajia takriban 3,500. Usomaji wa mita ya maji kabla na baada ya kujaza ni sahihi kuliko hesabu yoyote.

Maji ya bomba huwa na dawa ya kuua vijidudu, klorini au kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), na tofauti yake ni kubwa. Klorini hutoka yenyewe maji yakikaa wazi siku moja au mbili huku yakitikiswa. Kloramini haitoki hivyo, inaweza kukaa wiki nzima, na inapovunjwa huacha amonia nyuma yake. Uliza wasambazaji wako wa maji wanatumia ipi, na ukishindwa kupata jibu chukulia kwamba ni kloramini na utumie dawa ya kutengeneza maji ya samaki inayoshughulikia zote mbili. Sasa urudi nyuma ufikirie zile lita 120 ulizokuwa ukimimina kila siku kwa mpira. Kila siku uliwachoma matamvua samaki waliokuwa karibu na mdomo wa mpira, ukawaua sehemu ya bakteria waliokuwa wakijaribu kuanza maisha, na pengine ukaongeza nitrati na fosfeti, ambazo maji mengi ya bomba huwa nazo kidogo, zikalisha mwani. Ndiyo maana nilisema tatizo ni moja.

Pampu haihitaji kuwa kubwa. Kwa bwawa lenye samaki, maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa 2, ambayo kwako ni kama lita 1,750 kwa saa. Lakini namba iliyoandikwa kwenye kasha ni ya pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Ukiinua maji mita 1 mpaka kwenye maporomoko madogo na kuyapitisha kwenye mpira mwembamba, sehemu kubwa ya nguvu hupotea, hivyo soma jedwali la kimo la mtengenezaji na chagua pampu inayotoa kiasi hicho kwenye kimo chako. Chujio liwe na sifongo mbele la kunasa uchafu na nyuma yake vitu vyenye uso mwingi, kama vigurudumu vya plastiki au mawe mepesi yenye matundu, maana huko ndiko bakteria hukaa. Pampu ifanye kazi usiku na mchana. Anayeizima usiku ili kuokoa umeme huizima saa ambazo oksijeni inahitajika zaidi, na bakteria wa ndani ya chujio lililosimama huanza kufa baada ya saa chache.

Umeme na maji si ndugu. Waya upite ndani ya bomba la kinga, na saketi iwe na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, kazi iliyofanywa na fundi umeme, si jamaa aliyesoma kidogo.

Mimea ndiyo itakayokuondolea ukijani kwa kudumu, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa kuwa karibu kila bwawa jipya hugeuka kijani katika wiki zake za kwanza hata likijengwa na bingwa. Mwani unataka mwanga na mbolea. Mimea hunyang'anya vyote viwili. Lengo ni nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji ifunikwe na majani ya mayungiyungi na mimea inayoelea, na chini iwepo mimea inayozama kama Ceratophyllum, ambayo haina mizizi ya maana na hufyonza virutubisho moja kwa moja kutoka majini. Panda yungiyungi katika kikapu chenye udongo mzito wa mfinyanzi usio na samadi, funika juu kwa changarawe ili samaki wasiufukue, na uliweke mbali na maporomoko, kwani majani yake huchukia kurushiwa maji. Gugu maji na mimea jamii yake inayoelea husafisha maji ajabu, lakini huzaana kwa kasi ya kutisha, na katika nchi nyingi gugu maji limepigwa marufuku kwa jinsi lilivyoziba maziwa na mito mbali na kwao bonde la Amazon. Mimea unayopunguza iache ikauke, iwe mboji. Usiitupe kamwe kwenye mfereji, na samaki usiowataka usiwaachie mtoni.

Usibadilishe maji yote kwa sababu ya ukijani. Utayarudisha maji mapya yenye mbolea mpya, mwani utarudi ndani ya siku chache, na utakuwa umewafukuza bakteria. Dawa za kuua mwani, hasa zenye shaba, nazichukia zaidi: mwani wote hufa kwa pamoja, huoza kwa pamoja, na oksijeni huisha usiku mmoja, huku shaba ikiua konokono na kudhuru samaki. Mtu asiyeweza kungoja mimea ikue afunge taa ya mionzi ya UV kwenye mkondo wa pampu. Hugandisha mwani wa chembe moja moja ukanaswa na chujio, na maji huwa angavu kwa wiki moja au mbili. Haigusi mwani wa nyuzi, ule unaoning'inia kama nywele. Huo uuzungushe kwenye kijiti chenye miiba na kuutoa kwa mkono, kazi ambayo, nikiri, huniburudisha.

Mambo mawili hukuyauliza lakini siwezi kuyaruka. Bwawa lenye kina cha sentimita 80 linaweza kumuua mtoto mdogo kwa dakika chache bila kelele yoyote, na hata sentimita chache za maji zinatosha. Kama kuna mtoto nyumbani au anayekuja kutembea, weka uzio wenye mlango unaojifunga, au wavu wa chuma imara chini kidogo ya uso wa maji. La pili ni mbu. Maji yanayotembea na samaki wenye njaa hayaachi viluwiluwi wengi, ila ngazi za mimea na vikapu vilivyosongamana vinaweza kuwa maficho yao. Kwa sehemu kama hizo ipo dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, ambaye huua viluwiluwi wa mbu bila kudhuru samaki. Wakati bwawa halina samaki, yaani wiki hizi za kujenga, ndipo uwe macho zaidi, kwa kuwa yai la mbu katika joto linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10.

Matunzo ya kila siku ni kutazama zaidi kuliko kutenda. Hesabu samaki wakati wa kuwalisha, na uwape wanachomaliza ndani ya dakika 3 hivi. Kinachobaki kitoe. Kila wiki badilisha kama asilimia 10 ya maji kwa maji yaliyotengenezwa, kwa sababu kujazia peke yake huacha chumvi zote zilizobaki baada ya mvuke zikizidi kulimbikizana. Sifongo la chujio lioshe maji yanapopungua kasi, na lioshwe ndani ya ndoo ya maji ya bwawa, kamwe si bombani. Mwaka wangu wa kwanza nililiosha kwa mpira hadi likawa jeupe, nikajisifu, na baada ya siku nne nilikuwa nazika samaki. Tope la chini litoe kidogo kidogo mara moja au mbili kwa mwaka, na majani makavu yakianza kuanguka tandika wavu juu ya maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, samaki wa dhahabu hawasagi chakula vizuri, acha kuwalisha mpaka joto lirudi.

Bwawa likishajengwa na pampu ikizunguka, panda mimea na usiweke samaki yeyote kwa wiki 2. Chukua sifongo chafu kutoka kwenye chujio la bwawa lenye afya la mtu unayemwamini na ulikamulie ndani ya chujio lako. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote za kuleta bakteria. Kisha rudisha samaki wawili kati ya wale wanane, na upime amonia na nitriti kila baada ya siku mbili kwa vipimo vya matone. Namba zitapanda kwanza, amonia ikitangulia na nitriti ikifuata. Zikipanda sana, badilisha theluthi moja ya maji na upunguze chakula. Zote mbili zikisoma sifuri kwa siku 10 mfululizo huku unalisha kama kawaida, ongeza wawili wengine, upime tena, na waliobaki waendelee kungoja kwenye chombo chao hadi zamu yao ifike.